Mzee Hana Mshipa

Baba yangu aliambiwa ana mshipa muda mrefu kabla hajaonana na daktari yeyote. Tumbo lilikuwa likimkata chini upande wa kushoto, linaachia, linarudi. Choo kilifunga siku nyingi, kisha kikafunguka kwa fujo. Kila aliyesikia habari hizo alikuwa na jibu lile lile mdomoni: huo ni mshipa. Huku kwetu neno hilo halisemwi mbele ya wakwe. Mshipa ni ngiri, ni korodani kuvimba, ni kiuno kuuma, ni mwanamume kushindwa na mkewe. Yote yametupwa kwenye kapu moja na hakuna anayejisumbua kuyachambua. Mwanamume mwenye mshipa hupewa pole usoni na kuchekwa akishageuka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nilisomea Butimba, na wanafunzi wangu wananiita Kamusi wakidhani sijui. Sipendi neno linalobebeshwa mizigo mingi. Nikikuta kwenye insha mtu ameandika "kitu" mahali panapostahili jina, nalizungushia wino mwekundu mpaka karatasi inataka kuchanika. Lakini lugha hii ninayoifundisha ina neno moja tu kwa njia inayopita damu, kwa njia inayopita maumivu, na kwa ugonjwa wa wanaume unaochekesha watu, na neno hilo ndilo lililotukuta sisi. Nimelikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Baba alikuwa muuza nyama. Bucha yake ilikuwa Igogo, pale barabara inapoanza kupanda kwenye mawe: chumba kimoja chenye dirisha la wavu, ndoano, mizani, na gogo la kukatia lililolika katikati. Nyuma yake korongo wakubwa wenye vichwa vya upara walisimama juu ya mawe tangu asubuhi wakisubiri makombo, wamejikunyata kama wazee kwenye kikao kisichoisha. Nyama aliuza kama wengine walivyouza, ila sifa yake ilikuwa utumbo. Wafanyakazi wa viwandani walitoka Nyakato kuufuata kwa sababu haukuwa na mchanga wala harufu. Aliuosha mwenyewe, tumbo la manyoya tunaloliita taulo peke yake, lile la kurasa tunaloliita kitabu peke yake, utumbo mwembamba peke yake, na kabla ya kuuosha aliondoa ule utando wa mafuta unaoushikilia. Nilipokuwa mdogo alininyanyulia utando huo dirishani ili mwanga upite, nikaona mishipa imesambaa ndani yake kama matawi ya mti.

"Ng'ombe yuko hapa," alikuwa akiniambia. "Kichwa na mapembe ni mapambo tu."

Rafiki yake mkubwa hakuwahi kula nyama maishani mwake. Alikuwa mzee wa Kihindu mwenye duka la vyuma ng'ambo ya barabara, aliyezaliwa Mwanza kama baba yake, na Kisukuma anakisema kunishinda mimi. Kila asubuhi baba alivua aproni, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo akavuka kwenda kukaa naye kwenye benchi kunywa chai ya tangawizi. Hakuwahi kuvuka na aproni, na hakuna aliyewahi kumwambia asivuke nayo. Waliitana jirani, na utani wao haukuwa na breki. Habari za tumbo zilipoenea, salamu ya asubuhi ikabadilika.

"Jirani, mshipa umeamkaje leo?"

"Umeamka kabla yangu," baba alijibu, na benchi zima likacheka.

Nyumbani hakucheka. Mama alikuwa ametangulia zamani, niliyekuwa nikiishi na baba ni mimi, na nilimwona anavyokaa pembeni mwa kitanda ameshika tumbo, amenuna. "Watu wazima wananifanya kichekesho," aliniambia. "Mimi sina mshipa. Mtu anaujua mwili wake."

Hata hivyo dawa za mshipa alikunywa. Ilikuja mizizi kutoka Magu, ukaja unga wa magome wa kuchanganya kwenye uji, ikaja chupa ya kitu cheusi kilichoacha alama kwenye kikombe. Alikonda mpaka suruali zikawa zinafungwa kwa kamba. Mimi nikisema hospitali, yeye anasema subiri hii iishe. Ikiisha, imeshaletwa nyingine. Ikawa hivyo mpaka alipoona damu chooni. Mtu aliyefanya kazi na damu maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Alirudi ndani, akakaa, akasema, "Hii siyo ya mshipa. Nipeleke."

Hospitalini walimwingiza mpira wenye kamera, wakakata kipande kidogo, tukasubiri majibu. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto, chini. Baba aliuliza imekaa sehemu gani hasa, akaonyeshwa kwenye picha ya ukutani, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea oda ya nyama.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, aliyempa baba shikamoo kila alipokaribia kitanda. Siku ya kwanza baba alimtazama, kisha akaninong'oneza kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, "Huyu mtoto ndiye wa kunikata?"

"Ndiye mimi, mzee," daktari akajibu.

Baba akaomba amwonyeshe mikono. Aliigeuza, akabonyeza kiganja kwa kidole gumba. "Hii imeshika kisu," alisema. "Sawa."

Daktari akatueleza atakachofanya. Atakata kipande kibovu, ataziunga ncha mbili zilizobaki, na mzee atarudi kwenye njia yake. Baba aliyashika maneno hayo ya mwisho na hakuyaachia tena.

Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Nilikaa nje na mzee wa duka la vyuma, yeye na chupa yake ya chai, mimi na madaftari ambayo sikusahihisha hata moja. Daktari alipotoka alikuwa bado amevaa kofia. Aliniomba nisogee pembeni, akatafuta cha kunionyeshea, akakosa, akashika pindo la kitenge changu.

"Chukulia huu ukingo ndio utumbo mpana," alisema. "Damu inakuja kwa mishipa michache mikubwa, inafika hapa, hapa na hapa. Halafu kuna uzi huu wa pindo. Ni mshipa mwembamba unaopita pembeni ya utumbo wote, unaunganisha ile mingine. Ndio unaotuokoa. Ukifunga mshipa mmoja mkubwa ili utoe saratani, damu inazunguka kwa kupitia pindoni, utumbo unaobaki unaishi."

Nikamwambia nimeelewa.

"Kwa mzee, uzi huu umekatika tangu kuzaliwa. Hapa kwenye kona, chini ya bandama. Na ule mkubwa wa katikati ambao ungesaidia, haupo kabisa. Hakuzaliwa nao."

Walikuwa wamefunga mshipa wa chini, kama inavyopaswa, na utumbo wa juu yake ukaanza kubadilika rangi mikononi mwao mpaka ukawa kama bilinganya. Wakaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya vuguvugu, wakasubiri, wakafunua, wakafunika tena. Haukurudi. Ikabidi waukate upande wote wa kushoto, wakienda juu kidogo kidogo mpaka walipofika mahali ambapo ukikata, panatoka damu. Kilichobaki kilikuwa kinaning'inia kwenye mshipa mmoja mwembamba unaotoka kulia. Ukiuvuta kuushusha chini ili uungwe, unakatika, na hapo mzee hana utumbo tena. Wakatoboa tumbo, wakaitoa ncha nje. Choo kitakuwa kinatokea hapo, kwenye mfuko, siku zote.

"Ni nadra sana," alisema. "Nilisoma vitabuni. Sikuwahi kuona kwa macho."

Nikamuuliza iliwezekanaje mtu aishi mpaka uzee huo, abebe mapaja ya ng'ombe, azae, asijue.

"Upungufu huo ulikuwa haumsumbui kwa sababu hakuna aliyeigusa mishipa mingine," alisema. "Angebaki nao bila kujua."

Lakini bila kuigusa, saratani ingemuua. Nilitaka awepo wa kulaumiwa. Nilimtazama yule dada na macho yake mekundu ya uchovu nikaona hata hilo nimenyimwa.

Baada ya siku kadhaa, baba alipoweza kuketi kwa mito, daktari alikuja kumweleza mwenyewe. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda, nimeshika bakuli la uji.

"Mzee, watu wengi wana mshipa unaopita pembeni ya utumbo, unaunganisha upande huu na upande huu. Tulipokufungua tukaona wewe hukuzaliwa nao. Ndiyo sababu hatukuweza kukuunga. Wewe, mzee, huo mshipa huna."

Baba bado alikuwa na ukungu wa dawa za maumivu. Katika maneno yote hayo alichukua yale aliyokuwa akiyasubiri.

"Sina?"

"Huna, mzee."

"Mmetazama vizuri?"

"Tumetazama sana. Tumeutafuta, haupo."

Baba alifumba macho, na machozi yakateremka kuelekea masikioni. "Mungu awabariki," alisema. "Niliwaambia. Niliwaambia wote."

Daktari alimshika bega. Alidhani amepokea habari mbaya kwa ushujaa, na nilimsikia akimwambia nesi kwamba mzee huyu ana moyo. Watu wawili walikuwa wakishukuriana kwa mambo mawili tofauti juu ya kitanda kimoja, na mimi peke yangu ndiye niliyeyasikia yote mawili. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona jinsi alivyolala, uso umelegea kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze, nikakoroga uji.

Jambo la kwanza aliloomba lilikuwa simu. "Jirani," alisema, na sauti ilikuwa hafifu ila ilikuwa na kiburi chote cha bucha. "Daktali amenipasua, ametazama ndani mwenyewe, amesema sina mshipa. Waambie wa kwenye benchi." Ng'ambo ya pili nilisikia mzee wa duka la vyuma akicheka na kupiga kofi juu ya meza. Jioni alikuja na chupa ya chai na kopo la vitamutamu vya nyumbani kwao vyenye samli, akamgawia kila mgonjwa aliyeruhusiwa kula. "Nilimtania rafiki yangu bure," aliwaambia. "Mzee hana mshipa."

Tuliporudi nyumbani wageni walikuja na pole wakaondoka wakiwa wametoa hongera. Baba aliwapokea sebuleni amevaa kanzu ili kuficha mfuko. Mwanamume mwenye mshipa alikuwa ameondoka Igogo, amerudi mwanamume aliyethibitishwa na kisu. Alikula. Alitembea mpaka mlangoni, kisha mpaka kwenye jiwe la kwanza, kisha akavuka barabara na kukaa kwenye benchi. Kila siku niliyosema leo nitamweleza, nilimkuta anapiga soga, nikaahirisha. Sikuona huruma ya aina nyingine niliyoweza kumfanyia.

Mifuko yenyewe ilikuwa mateso. Ile halisi, ya kubandika, ilikuwa haipatikani madukani mara nyingi kuliko ilivyopatikana, na mifuko ya plastiki ya kawaida ilikuwa imeshapigwa marufuku nchini. Nilitumia vile vifungashio vyembamba vya karanga, nikavifunga kiunoni mwake kwa kipande cha kanga. Ngozi ilichubuka. Nyumba ilinuka, na yeye aliyesifiwa kwa utumbo usionuka alijua inanuka. Alivumilia kwa sababu aliamini ni jambo la kupita. Aliuita mfuko wa muda.

"Mshipa ungekuwepo, ningesema basi wanaogopa kuniunga," alinieleza. "Lakini haupo. Wanasubiri kidonda kikauke tu."

Ndivyo neno lile lilivyotufunga. Kwake, kutokuwa na mshipa ndiyo ilikuwa sababu ya kuungwa. Akaanza kujiandaa. Alikwenda bucha akasugua ndoano kwa mchanga na limao, akampa mzee wa duka la vyuma visu vinolewe, akawaambia wateja wa Nyakato wasizoee utumbo wa watu wengine. Korongo waliuona mlango ukiwa wazi wakarudi juu ya mawe.

Siku ya kliniki alivaa shati la Jumapili. Wakampiga picha ya tumbo kwa ile mashine ya ultrasaundi ya kupaka jeli, na kama ilivyo desturi, daktari aliniita mimi kwanza, ndugu wa mgonjwa. Kwenye ini kulikuwa na madoa. Alisema zipo dawa za kujaribu, ila kwa mwili ule alioubakiza mzee, zingemchosha kuliko kumsaidia. Tukaingia kwa baba.

"Daktali," baba alisema, "lini unaniunga?"

"Mzee, hatutaunga. Nilikueleza. Ule mshipa huna."

"Ndiyo, sina," baba akacheka. "Sasa kinachozuia ni nini?"

Daktari alinitazama. Aliniomba tutoke kidogo. "Alielewa nini?" aliniuliza kwenye korido.

"Ngiri," nilisema. "Alielewa umemwambia hana ngiri."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaweka mikono juu ya magoti. Kisha akaniuliza kama atamwambia yeye au nitamwambia mimi. Nikasema nitamwambia mimi, maneno ndiyo kazi yangu.

Nilijaribu kwa maneno, na maneno yaliniangusha moja moja. Nilisema mshipa wa damu. Baba akasema mshipa ni mshipa. Nilisema kuna mishipa ya aina nyingi. Akasema kweli, wa tumbo, wa kiuno, wa korodani, na yeye hana hata mmoja. Nikasema ateri, neno la darasani, akauliza hiyo ateri ni jina la nani. Ningekuwa ubaoni ningepiga mstari. Pale sebuleni nilikuwa mjinga tu aliyekaa mbele ya baba yake.

Jumamosi mchana nikaenda sokoni nikanunua utumbo wa ng'ombe, nikamwomba muuzaji asiguse mafuta. Aliniangalia kama mtu asiyejua kununua. Nikautandaza kwenye sinia barazani na kumwita baba.

"Umenunua kwa nani?" aliuliza kabla hajakaa. "Huyu hajaosha."

"Nataka unionyeshe mishipa, kama zamani."

Akafurahi. Alinisukuma kando, akanyanyua ule utando kwa mikono miwili mpaka jua likapita ndani yake, akiegemeza viwiko kwenye magoti kwa uzito ambao zamani asingeuhisi. Alinionyesha shina, akanionyesha matawi. Utumbo wa ng'ombe haukupangwa kama wa mtu, lakini kile nilichokitaka kilikuwepo: pale matawi yanapokaribia utumbo, yanashikana, na mshipa mwembamba unapita pembeni, upinde kwa upinde.

"Na huu unaitwaje?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Hatuuiti. Tunautupa na mafuta."

"Huu ndio daktari alisema huna."

Hakuushusha utando. Aliendelea kuushikilia kwenye mwanga, ila macho yalihama kutoka kwangu yakaenda kwenye kile kistari chekundu. Alikifuata kwa ukucha mpaka mwisho, akarudi nacho.

"Kwangu umekatwa?"

"Haukukatwa, baba. Ulizaliwa nao umekatika hapa, kwenye kona."

"Sasa utumbo uliobaki unakula wapi?"

"Kwa mshipa mmoja, kutoka kulia. Wakiuvuta ili wakuunge, unakatika."

"Harafu utumbo unakufa."

"Ndiyo, baba."

Aliulaza utando kwenye sinia taratibu, akaunyoosha kingo. Sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyeelewa haraka hivyo.

"Kwa hiyo aliposema sina mshipa," alisema, "alisema huu. Siyo ule."

"Siyo ule. Ule hakuuzungumzia kabisa."

"Basi ule yawezekana ninao."

Nikasema, huna, baba. Akauliza nani kasema. Sikuwa na wa kumtaja. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu ambacho hata sikukusudia kukigusa, na sikuwa na cha kumrudishia.

"Kuna lingine?" aliuliza, kwa sababu sikuwa nimenyanyuka.

"Lipo. Kwenye ini. Kuna madoa."

"Ini," alisema. Alitazama barabarani, upande wa bucha. "Ini likishaingia madoa, bwana nyama anayekagua haligongi muhuri. Linazikwa."

Aliniomba maji ya kunawa, nikammiminia. Alinawa mpaka kwenye viwiko kama alivyozoea kabla ya kuvuka barabara. Akiwa bado anajifuta, akaniuliza, "Na wewe unao?"

"Sijui, baba. Huwezi kujua mpaka upasuliwe."

Alinitazama tumboni muda mrefu, kama anavyotazama mtu mfuko ambao hajui ndani yake kuna nini. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na hakukuwa na mzizi wala kisu cha kulifanyia kazi. Utumbo ule aliuosha mwenyewe mpaka ukawa mweupe, akaniambia niupike. Niliupika. Hakuugusa, na mimi sikuweza.

Baada ya hapo aliacha kwenda bucha. Visu vilikaa duka la vyuma vimeshanolewa, vimefungwa kwenye gazeti. Aliacha kuuita mfuko wa muda, hakuuita chochote. Mwili uliteremka haraka, macho yakawa ya njano, miguu ikajaa maji. Nikiwa nasahihisha madaftari kando ya kitanda nilikuwa namsikia anavyopumua na kujua kwamba ukweli wangu haukumwongezea hata kijiko kimoja cha uji. Tungeweza kufika hapa hapa yeye akiwa anasubiri kuungwa. Nimelifikiria jambo hilo kila upande na sijaona upande wenye nafuu.

Kwa kuwa baba hakuweza kuvuka tena, mzee wa duka la vyuma alivuka yeye. Alikuja kila asubuhi na chupa yake ya chai, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za sinia. Asubuhi ile ya kwanza nilisimama mlangoni nikisubiri kusikia.

"Jirani," alisema, akijaribu ule utani wa zamani kwa upole, "mshipa umeamkaje?"

Baba aligeuza kichwa kwenye mto. "Sina mshipa, jirani," alisema. "Daktali alisema sina."

"Hongera, jirani."

"Asante."

Aliyasema kwa sauti ile ile, maneno yale yale, kisha akanitazama mimi. Na tangu siku hiyo aliyasema kwa kila mgeni. Mchungaji, wateja wa Nyakato, jamaa kutoka Magu waliokuwa wameleta mizizi, wote waliambiwa na wote wakamshukuru Mungu. Alikuwa hadanganyi. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila alipolisema tulikuwa wawili tu chumbani tuliojua maana yake.

Karibu na mwisho sauti ilikwisha, zikabaki midomo. Mzee wa duka la vyuma alimsomea midomo hiyo, akamwitikia hongera yake, akatoka nje akanikuta nafua kanga za kiunoni. Alisimama kidogo. Alikuwa akilia bila kujificha, mwanamume wa umri ule, kopo la vitamutamu mkononi ambalo halikufunguliwa.

"Mwanangu, nieleze," alisema. "Wewe ni mtu uliyesoma. Daktari alimfungua, akatazama ndani, akasema hana mshipa. Sasa kinachomuua ni nini?"

Nilitafuta neno. Nilikuwa nimelitafuta tangu siku ya kitenge, na Kiswahili hakikunipa jingine.

"Ni hicho hicho, mzee," nilimjibu. "Hana mshipa."

Alinitazama, akadhani huzuni imenivuruga akili, akaniambia pole mwanangu. Kisha akarudi ndani kuchukua chupa yake ya chai.